Swichi Nne

Namsubiri chini ya ngazi, baiskeli mbili zimeniegemea kiunoni
kama ndama wenye usingizi.
Leeuwarden, Januari, saa kumi na mbili na robo, giza bado.
Mfereji umeganda. Bata wanatembea juu ya barafu kwa aibu,
kama wageni waliovaa viatu vya kuazima.
Juu, dirishani, taa ya jikoni inawaka, inazimika, inawaka.
Mke wangu Wietske anazima jiko
ambalo hajaliwasha tangu jana.

Maneno yake nayajua. Ukuta wetu ni mwembamba:

*Ya kwanza imelalia, ya pili imenyamaza,*
*ya tatu naishikia, ya nne nimechunguza,*
*naona, naangalia, kidole nimekikaza,*
*jiko limezima pia, ila moyo waniliza.*

Anashuka ngazi saba.
Anapanda ngazi saba.

Zamani nilidhani anasahau.
Wietske hasahau! Anakumbuka soksi za mjomba Gerben
siku ya maziko ya bibi: moja ya kijivu, moja ya buluu.
Kumbukumbu anayo. Kilichomtoroka ni yule karani mdogo
anayegonga muhuri chini yake: haya, imepokelewa, nenda.

Na kila akirudi, wino unapungua.
Mara ya kwanza aliiona swichi,
tone la jibini lililokauka ukingoni, alama nyeupe imesimama wima.
Mara ya sita aliona swichi.
Mara ya kumi na moja aliona kuona tu.
Jaribu wewe: sema jiko, jiko, jiko, jiko,
hadi neno libaki mlio wa mdomo, halipiki chochote.

Akaanza kupiga picha.
Simu yake ina picha mia tatu na arobaini za swichi nne
na hakuna hata moja inayoweza kuapa kuwa ni ya leo.

Mimi ni mkaguzi wa madaraja.
Nalipwa mshahara nitilie shaka vyuma,
kisha natia saini, nakwenda kula.
Kwa hiyo nilijitolea kuwa karani wake.
Limezimwa, Douwe? Limezimwa.
Una hakika? Nina hakika.
Uliona kwa macho yako? Niliona.
Miaka sita. Nilidhani namnywesha maji;
yalikuwa maji, ndiyo, ila ya chumvi.

Bi Terpstra, wa kliniki iliyo nyuma ya stesheni,
hakunionea huruma.
“Akikuuliza, usimhakikishie.”
“Ninyamaze?”
“Mwambie hujui. Si kweli kwamba hujui?”
Nilitaka kumchukia mwanamke yule. Alikuwa na kikombe chenye picha ya paka.

Leo amerudi mara mbili tu.
Sasa amesimama mbele yangu,
glavu moja mkononi, nyingine ameing'ata.
“Limezimwa?”

Ulimi wangu unalijua jibu kama mguu unavyoijua ngazi gizani.

“Sijui, Wietske.”

Ananitazama kama mtu aliyesukumwa majini
na mkono aliouzoea.
Dirisha letu halina moshi. Lakini ni lini
kukosekana kwa moshi kuliwahi kumtosha mtu?

*Ya kwanza imelalia, ya pili ime—*
*ya kwanza—*

Ananyamaza. Anavaa glavu. Anashika usukani,
na mikono inatetemeka hata kengele ya baiskeli
inalia yenyewe, ndogo, kama kikohozi cha mtoto.

Tunaondoka. Upepo unatupiga usoni bila kuuliza kitu.
Kwenye kona ya duka la mkate anageuka nyuma,
mara moja, kisha anaendelea kukanyaga.

Nami, nisikufiche,
mimi mtia saini wa madaraja,
nageuka pia.